Barua ya Kufuta Paka wa Huzaifa

Baraza ile ipo mlangoni kwangu, Makadara, nami nikiuza kashata pale pale, basi halikusemwa neno likanipita. Mwaka wa tisini na nane, baada ya alasiri, Huzaifa fundi wa televisheni alikuja na barua mkononi. Ilitoka ng'ambo, kwa kampuni iliyotengeneza ule mchezo wa video wa paka akimbiaye juu ya mapaa, ambao yeye na wenziwe walikuwa wakiucheza utotoni kwa kuitilia mashine sarafu hapa mtaani, mpaka ikafa. Huzaifa aliukumbuka hatua kwa hatua, akauunda upya kwenye kompyuta, miaka miwili, akawapa watu bure. Nduguye aliye Uingereza akautia kwenye intaneti. Sasa aambiwa atie sahihi, kabla ya Ijumaa, kwamba ataufuta wote.

Kamaludin twamwita Wakili, maana aliwahi kuitwa shahidi kortini mara mbili. Aliigeuza barua juu chini, akahukumu kwamba haina muhuri, na barua isiyo muhuri ni salamu tu.

Kazungu, mpakiaji wa malori ya Makupa, tukimwita Winchi kwa mabega yake, akasema muhuri si hoja. Mashine ile ililelewa hapa, ikala sarafu zetu miaka kumi.

— Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Paka yule ni wa Makadara. Wao walimzaa tu.

— Kuzaa si kazi ndogo, Winchi, akajibu Wakili. Kamuulize mkeo.

Nilicheka hata kashata ikanidondoka.

Wakili akaendelea kwamba mtaka cha mvunguni huinama, na kule ng'ambo ilikotoka barua kuna watu huinama kutwa, hata wakiamkiana, kwa hivyo yamkini mvungu wote ni wao kisheria. Hapo Winchi akaona hatari kubwa zaidi: leo paka, kesho watadai bao letu, kesho kutwa waandikishe na kukaa barazani, tulipe kwa kila kikalio. Nami nikatia langu, kwamba leso niliyojifunga imeigwa na maduka matatu na ua lake halijanyauka.

Huzaifa hakucheka.

— Nyinyi mwafanya mzaha. Nikitia sahihi, miaka yangu miwili yapotea. Nisipotia, wanishitaki, nami nna kijiduka cha kuunga waya tu.

— Usitie, kaka, akasema Winchi.

— Tia, akasema Wakili, kisha ukane kuwa ni mkono wako.

Ndipo akaja Zilpah, muuguzi, kufuata pasi yake iliyokuwa ikitengenezwa kwa Huzaifa. Wakamsimulia wote kwa pamoja, kila mmoja akimrekebisha mwenziwe. Akasikiza mpaka mwisho, mkoba begani.

— Na huo mchezo wa kwao wenyewe, nikitaka kuwanunulia wanangu leo, wauzwa wapi?

Huzaifa akasema pole pole kwamba aliutafuta Nairobi, akaagizia Dubai, akamsumbua nduguye huko Uingereza, na kote aliambiwa uliachwa kuuzwa zamani.

Chonga muuza kahawa akaliinamisha dele la kahawa, likatoa machicha.

Huzaifa akaiweka barua juu ya goti, akamwomba Zilpah kalamu. Mahali palipowekewa sahihi aliandika swali lile lile la Zilpah, kwamba wauzwa wapi, akalitilia jina lake na anwani ya duka. Kisha akaenda kumtolea pasi yake.