Vuokko Tarkiainen na Ndoo za Makombo

Miaka thelathini na miezi kumi. Vuokko Tarkiainen aliingia Ukumbi wa Mikutano wa Kuikkaranta tarehe 2 Agosti 1993, na anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024. Ningeandika miaka thelathini na moja ili isomeke vizuri, lakini mwenyewe angenirudishia karatasi na kunitaka nihesabu upya. Jarida hili limechapishwa nakala kumi na mbili tu, kwa maagizo yake. Wengine lisomeni kwenye ubao wa matangazo, na mpeane nafasi.

Alianza kwa kuosha vyombo. Miaka ile mji wetu wa Joensuu ulijaa watu wasio na kazi, na aliyeipata aliishika kwa mikono miwili. Vuokko aliosha sahani huku akitazama kilichobaki juu yake: nusu ya samaki, viazi visivyoguswa, vijimkate vya Karelia, vile vya kujazwa uji wa mchele, vilivyong'atwa mara moja na kuachwa. Aliniambia baadaye kwamba roho ilimuuma, maana kwao walizaliwa watoto saba na mezani hapakuwa na kitu kinachoitwa makombo. Mwaka 2001 alipofanywa msimamizi wa mikutano, jambo la kwanza alilofanya ni kuleta mizani jikoni.

Tangu hapo, kila mkutano ulipokwisha, makombo yalitiwa ndooni, ndoo ikapimwa, uzito ukaandikwa. Tulimcheka sana. Tulimwita Vuokko wa Mizani, naye akaitika. Muda si muda tukaanza kujifunza: walimu hubakiza saladi, wahandisi hawabakizi kitu, na wanasiasa hubakiza kila kitu kwa sababu hawanyamazi wakapata nafasi ya kutafuna. Tukachukua sahani ndogo zaidi, tukapika kwa idadi ya waliofika na si ya waliojiandikisha. Ndoo tano zikawa nne, nne zikawa tatu na nusu. Haba na haba hujaza kibaba, na hupunguza ndoo vilevile.

Chupa za plastiki alizifukuza mezani, akaweka majagi ya maji ya bomba. Mkurugenzi mmoja mgeni aliyataka maji yake ya chupa, yale ya kutoka milimani huko kusini mwa Ulaya. Vuokko akamjazia gilasi kwa adabu zote, akamwambia, "Bwana, hayo unayoyataka yamesafiri kuliko wewe. Haya hayajachoka." Mkurugenzi akacheka, akanywa, akaomba la pili.

Mikutano yetu haianzi saa tatu asubuhi kama kwingine. Inaanza baada ya treni ya asubuhi kutoka Helsinki kufika, ili mgeni asiwe na sababu ya kupanda ndege. Wageni walinung'unika mwanzoni, naye akawajibu kwamba kawia ufike. Na mkutano ukiisha, alisimama mlangoni na kikapu akikusanya kamba za vitambulisho, zitumike tena. Profesa mmoja wa sheria aliondoka na yake hadi Uswidi. Vuokko akamwandikia kadi ya posta, na wiki ya pili kamba ikarudi ndani ya bahasha, pamoja na barua ya kuomba radhi yenye kurasa mbili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu.

Januari 2015 tulinunua mizani mpya. Ile ya zamani ilipima ndoo na kilichomo pamoja, kwa hiyo juu yake ukutani palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Vuokko: "Toa kilo mbili za ndoo." Mizani mpya mimi ndiye niliyeitega iutoe uzito wa ndoo yenyewe. Asubuhi ile Vuokko alikuwa anakimbilia treni. Akanigeukia mlangoni.

"Ilpo, ondoa hiyo karatasi leo leo, usije ukasahau."

"Nishaiondoa," nikamjibu, mikono yangu imo kwenye unga.

Sikuwa nimeiondoa. Nilisema hivyo ili aende zake, nikidhani nitafanya baadaye, nami nikasahau kabisa. Na ninyi mnatujua: sisi ni watu wa kutii karatasi iliyobandikwa ukutani. Ukibandika kwamba mlango ufunguliwe kwa mguu wa kushoto, kufikia Jumatano sote tutakuwa tunautumia mguu wa kushoto. Miezi ishirini na moja jiko zima lilitoa kilo mbili ambazo mizani ilikwisha kuzitoa. Nami nilizitoa, tena kwa mkono wangu, kila siku. Hata Vuokko, aliyeletewa hesabu mezani kwake na hakuwa na sababu ya kutazama tena ukuta ule, aliamini kwamba hatimaye tumefaulu.

Hesabu zilipendeza kweli. Makombo yalionekana kupungua kwa nusu. Oktoba 2016 tukaambiwa tumeshinda tuzo ya taifa ya mikutano isiyoharibu mazingira, na jina litakalosomwa jukwaani Helsinki siku ya Alhamisi ni la Vuokko. Kulikuwa na kubwa zaidi: watafiti mia nane wa misitu walikuwa wanatafuta mahali pa kukutana siku nne, na walikwisha kusema watakwenda kwa mshindi.

Jumatatu ya wiki hiyo Vuokko aliingia jikoni kutuonyesha gauni alilonunua kwenye duka la mitumba. Akaona ndoo tupu juu ya mizani. Mizani ilisoma sifuri. Macho yake yakapanda ukutani, yakakutana na mwandiko wake mwenyewe. Alikaa juu ya kreti ya viazi, gauni mapajani. Kisha akamwita meneja wetu wa wakati ule, Raimo Sihvo.

"Acha hizo bwana, Vuokko," Raimo alisema alipoelewa. "Ni ndoo tu. Nani atajua?"

"Mimi nishajua. Na wewe sasa unajua. Tayari tuko wawili."

"Na wale watafiti? Na kazi za watu humu ndani?"

"Wanakuja kwa sababu ya hesabu zetu, Raimo. Hesabu zenyewe ni hizi."

Raimo akazunguka jikoni mara mbili, kisha akauliza kwa ukali, "Nani aliacha karatasi hii ukutani?"

Nilikuwa nimesimama pale na mwiko mkononi. Vuokko hakunitazama hata kidogo.

"Mwandiko ni wangu," akasema.

Aliwapigia simu watoa tuzo mwenyewe, mbele yetu, akawaeleza yote. Tuzo ikaenda kwa wengine, na watafiti wakaifuata. Gazeti moja la mtaani likaandika kwamba Kuikkaranta ilidanganya, na likamtaja Vuokko kwa jina. Watu waliomfahamu toka utotoni walimwangalia dukani kisha wakageukia rafu za mkate. Saa za kazi zilipopunguzwa majira yale ya baridi, aliomba zake zianze kukatwa. Mimi sikupunguziwa hata moja. Kesho yake ya ile Jumatatu aliingia jikoni kama kawaida, akaniuliza tu, "Ilpo, kahawa ipo?" Hajawahi kunitamkia neno juu ya karatasi ile, hadi leo.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tulipima upya, kwa ukweli, miaka mitatu. Mwaka 2019 tukashinda tena, safari hii kwa kilo zilizokuwa kilo. Vuokko akakataa kwenda Helsinki. "Nenda wewe," aliniambia. "Wewe ndiye unayepika." Nikaenda, nikapokea cheti, nikapigiwa makofi, na msinione nacheka pichani, nilikuwa nataka kulia. Kile cheti kilichotundikwa pale mlangoni kina jina langu. Mnaopita mkinipongeza, naomba mwache.

Vuokko, unakwenda kwenye nyumba yako ya kando ya ziwa, kwenye matunda ya mwituni na uyoga wako. Wote tuliofanya kazi chini yako tunakushukuru kwa subira, kwa masihara, na kwa kutufundisha kutazama kinachobaki sahanini kabla ya kujisifu kwa kilicholiwa. Uwe na afya, usiamshwe na saa ya mtu, na sauna yako isikose kuni.

Ijumaa, kahawa ikishamiminwa, nitasimama mbele ya watu wote niseme kwa mdomo haya niliyoyaandika: uliniambia niiondoe, nikasema nimeiondoa, na nilikudanganya. Umebeba kosa langu karibu miaka minane na hukuniuliza kitu. Nimemwomba na mhariri wa lile gazeti aje, na amekubali. Nisamehe kwa kuchelewa, rafiki yangu. Uende kwa amani, na uende na jina lako.

Ilpo Hakulinen, mpishi mkuu