Risasi Isiyovuka Shamba: Athmani Fumo, Mlinzi wa Mashamba ya Bara

Jumamosi ya tarehe 28 Septemba 2024, Athmani Fumo atakabidhi rasmi bunduki ya chama chetu cha wakulima baada ya miaka ishirini na sita ya kuyalinda mashamba yetu ya bara, mkabala na kisiwa cha Chovae. Anastaafu akiwa na miaka sitini, kwa ombi lake mwenyewe. Chama kilimkatalia mara mbili kabla ya kukubali, na hilo naomba lisomwe kwa sauti siku ya sherehe.

Kazi ya kuandika wasifu huu alipewa Mukhtar, katibu wetu. Akaandika mistari sita, minne kati yake ikihusu kusafisha mtutu. Nikamwambia alete kalamu. Mimi ni Mwanalima, mwanachama tangu siku ya kwanza, na uji wa walinzi nimeupika miaka yote hii. Pia ndimi mamake Athmani, na sioni kwa nini jambo hilo linizuie. Shule nimesoma kidogo, lakini haya yote nilikuwapo.

Kwa wageni wasiojua, tuliporudi kutoka ukimbizini Mombasa mwaka 1996, familia kumi na tisa, tulikuta ngiri wamejifanya wenyeji. Sisi ni watu wa samaki na mashua. Ngiri hatumli wala hatumgusi, kwa hiyo hakuna aliyemjua vizuri. Anakuja mchana kweupe, mkia juu kama mwenye bendera, anapiga magoti na kuchimbua muhogo wa mwaka mzima kabla hujamaliza chai. Misimu miwili tulivuna majani. Familia nne zikaanza kufunga mizigo. Mkutano ukaamua atafutwe mlinzi mwenye bunduki, na msimu wa tatu nao ukiharibika, sote tunarudi Mombasa. Athmani akainua mkono. Alikuwa fundi wa mashua, na bunduki alizijua kwa kuziona tu mabegani mwa watu.

Kibali kikatoka ofisi ya wilaya, pamoja na Kalashnikofu. Wote tulifurahi, mimi wa kwanza. Nilimwambia, “Mwanangu, hiyo ndiyo. Ina risasi thelathini, ngiri ana roho moja.” Nakiri hapa kwamba ushauri huo ulikuwa wangu.

Wiki ya pili dume kubwa likaingia shambani. Athmani akalipiga mara tatu, na zote tatu zilipata. Ngiri hakuanguka. Alikimbia hatua mia nne, damu hata tone hatukuiona njiani, akaenda kufia ndani ya kisima chetu cha maji matamu, kile kimoja tulichokuwa nacho.

Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa maana yake. Maalim Jaafar alitazama mara moja tu, akaamuru maji yote yatolewe, kuta zisuguliwe mara saba, mara moja kwa udongo, na kila ndoo na mtungi vivyo hivyo. Siku tisa tulivusha maji kwa mashua kutoka Chovae. Mwanahija, ambaye nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi na kisima, alimsubiri Athmani njiani.

“Mchu mzima na bunduki yako,” akamwambia, maana kwetu mtu ni mchu. “Kesho wafukuze kwa mawe. Angalau jiwe halimsukumi ngiri kisimani.”

Mwanangu alirudi nyumbani, akaketi na risasi moja kiganjani mpaka uji ukapoa. Kisha akanieleza jambo ambalo wengi wenye bunduki hawalijui hadi leo. Risasi ile ilitengenezwa kwa vita. Ni nyembamba, ngumu, ina ncha kali, hupita mwilini kama sindano ya shazia inavyopita kwenye gunia. Ngiri ana ngozi nene na mafuta chini yake, tundu dogo linajifunga lenyewe. Anakufa, ndiyo, lakini anakufa anapotaka yeye. Na mnyama aliyejeruhiwa hutafuta maji.

Tangu siku hiyo alianza kutafuta bunduki kwa kuuliza mnyama ataangukia wapi na risasi itaishia wapi, na bei na sura ya bunduki akaviacha kando. Mfanyabiashara mmoja wa Kismayo alimwazima bunduki ndogo, ile wanayoiita ishirini na mbili, ya kupigia njiwa. Ngiri alitikisa sikio akaendelea kula. Baadaye ikapatikana bunduki ya zamani ya Kiingereza, ndefu, kipenyo chake milimita saba na nukta saba, yenye risasi za pua laini zinazofunguka zikiingia mwilini. Hiyo ilikuwa na nguvu kweli. Ngiri alilala palepale, tukapiga vigelegele.

Jioni yake akaja Bakri, fundi wa mashua wa pwani, amebeba ubao wenye tundu.

“Athmani, ngiri wako nimesikia amekufa,” akasema. “Huyu wangu je, naye alikula muhogo?”

Tulicheka sote isipokuwa Athmani. Risasi ilimtoboa ngiri, ikavuka shamba lote, ikavuka mikoko, ikaingia kwenye mashua iliyokuwa ikitengenezwa ufukweni. Nchi yetu hii ni tambarare, hakuna kilima cha kuizuia. Bakri alikuwa ameinama kuchukua nyundo. Athmani aliirudisha bunduki ile siku hiyohiyo, na chakula cha jioni hakukigusa, nami nilikuwa nimempikia samaki changu.

Ndipo akaichagua bunduki ya marisau, ile inayorusha punje nyingi za risasi kwa mpigo mmoja, kipimo namba kumi na mbili. Mkutano ulimcheka. Mbaraka, mwenyekiti wetu, aliuliza kama ngiri sasa watapigwa kama kanga. Athmani akawafundisha kama mwalimu, na sisemi kwa kuwa ni mwanangu, ingawa ni mwanangu. Alisema namba ikipungua mtutu unapanuka. Ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukaigawa madonge kumi na mawili yaliyo sawa, donge moja ndilo linaloenea mtutu huo. Marisau madogo ni ya ndege tu, kwa ngiri ni kumwudhi. Marisau makubwa, yale ya tembe tisa, yanafaa kwa hatua ishirini, zaidi ya hapo yanatawanyika na kujeruhi. Yeye alitaka ganda lenye donge moja, zito, pana kama ncha ya kidole gumba. Donge hilo humpiga ngiri kama nyundo na kumlaza chini, na likimtoka, nguvu yake imekwisha. Halifiki mikokoni.

Kisha akajenga dungu, jukwaa la mlinzi. Wazee wetu walikaa juu ya dungu kuamia ndege, yeye alilipandisha juu zaidi, ili kila risasi ielekee chini na kuishia udongoni. Aliweka mawe meupe shambani, hatua arobaini kila upande wa dungu, na ngiri aliye nje ya mawe hapigwi hata akikuchezea ngoma. Hapigwi usoni, kwa kuwa uso wake ni mfupa mtupu. Hupigwa nyuma ya kiwiko cha mkono wa mbele, chini kidogo, moyo uliko. Na siku ya kupiga ngiri, kitambaa chekundu hupandishwa juu ya dungu, na mtu yeyote haruhusiwi kuingia shambani.

Msimu wa tatu tulivuna muhogo, kunde na matikiti. Familia zile nne zilifungua mizigo. Leo tuko familia sitini na mbili. Tangu dungu lijengwe, ngiri waliopigwa ni mia tatu arobaini na mmoja, wote wamevutwa kwa kamba na kulabu na kuzikwa mashimoni, na hakuna aliyefika kisimani. Watu wamekuja kutoka Koyama na Darakasi, hata kutoka mashamba ya mtoni, kumwuliza Athmani wanunue bunduki gani. Yeye huwauliza kwanza kisima kiko wapi na watu wanakaa upande gani. Wengine aliwaambia wajenge ua tu. Mwanahija naye, ambaye hakumsalimia kwa mwaka mzima, ndiye aliyepika biriani ya harusi ya binti yake Athmani, na biriani ile ilikuwa na chumvi nyingi, lakini tulimshukuru.

Sasa nifike kwenye sababu ya kustaafu, maana mitaani yanasemwa mengine. Mwezi wa sita mwaka huu, saa nne asubuhi, kitambaa chekundu kilikuwa juu. Mimi nilikiona. Nilikuwa nimesahau muhogo wa chakula cha mchana, nikasema nitang'oa shina moja haraka. Nikaingia na buibui langu, nikainama.

Juu ya dungu walikuwapo Athmani na Walidi, mlinzi kijana anayefundishwa naye kazi. Haya alinieleza Walidi baadaye. Waliona kitu cheusi kimeinama ndani ya mawe, saa zilezile za ngiri, kikitikisa majani. Walidi alikuwa na hakika.

“Piga, mzee, ni ngiri dume,” alinong'ona.

“Simwoni miguu,” Athmani akasema.

“Miguu ya nini? Ataondoka!”

“Aondoke.”

Akaifungua bunduki, akalitoa ganda, akalitia mfukoni. Mimi nikanyoosha mgongo.

Hakunigombeza, ingawa nilistahili. Alishuka, akaenda moja kwa moja kwa Mbaraka na bunduki ikiwa wazi mkononi, akasema jicho lake la kulia limeingia ukungu na anaomba kupumzika. Mbaraka alikataa.

“Lakini hukupiga, Athmani,” akamwambia. “Si ndiyo kazi yenyewe hiyo?”

“Leo sikumpiga mama kwa kuwa nilijua sioni vizuri,” Athmani akajibu. “Siku moja nitadhani naona vizuri.”

Hayo ndiyo yaliyotokea. Wapo wanaonyang'anywa bunduki baada ya msiba. Wangu aliirudisha kabla, na aliyemzaa yuko hai kuandika karatasi hii.

Chama kinakushukuru, Athmani, kwa muhogo, kwa maji na kwa mchana wote uliokaa juani ili sisi tule kivulini. Walidi, sikiliza mafunzo yako. Mwanangu, Mungu akupe afya, wajukuu watulivu na usingizi mrefu wa adhuhuri. Daktari wa macho wa Kismayo anakungoja Jumatatu, na nitakupeleka mwenyewe.