Yuditha, Fundi Asiyeiamini Taa ya Kijani

Mmepotelea wapi nyinyi? Mnalisoma jarida hili la redio yetu mkiwa Dar, na mkija Desemba mnapita hapa Rau mbio kuwahi kuchinja, hata chai ya jikoni kwangu hamnywi. Basi hamkumwona Yuditha akifunga kazi. Fundi wetu wa kompyuta amestaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita. Mimi mpishi wa redio, shule sikwenda. Ninasema, Rachel wa mapokezi anaandika, na nimemwonya asipunguze neno.

Yuditha ni mtu wa Kilema, na ni mtu wa kushuku. Ukimwambia chai ina sukari, anaionja kwanza. Alipokuja tulikuwa bado na kanda. Yeye ndiye aliyezihamishia zote kwenye kompyuta kubwa wanayoiita seva. Humo mna wazee wa Uru na Kilema wakisimulia, wengi tumeshawazika. Humo mna marehemu Hadija, mama yake Mikidadi mtangazaji, akiimba kaswida. Wakati ule hapakuwa na nakala nyingine popote.

Seva ile ina diski sita, na mbele yake kuna kadi inayozisimamia. Kompyuta ikitaka kujua hali ya diski, inaona moja tu kubwa, maana kadi imezifunika zote. Kadi inawasha taa ya kijani, kwamba zote nzima. Meneja Fabian aliridhika. Yuditha hakuridhika. Kwetu mlimani, ukimwekesha mtu ng'ombe wako, naye akakwambia getini kwamba wote wazima, hugeuzi ukarudi. Unaingia bandani, unamshika kila mmoja mbavu. Yuditha akatafuta amri ya kupenya kwenye kadi ileile, aiulize kila diski kwa namba yake.

Mara ya kwanza alijiaibisha. Aliuliza namba kwa mfululizo, moja haikujibu. Akampigia Nurdin aliyetuuzia seva: "Wewe baba, diski ya sita iko wapi, umeila?" Kumbe namba za kadi zinaruka, na diski ipo. Kesho yake akampelekea jani la isale, kama tunavyoombana msamaha huku. Nurdin ni mtu wa mjini, lakini kazaliwa hapahapa Moshi, analijua. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ungeleta mawili kabisa, mama, maana nakujua, utanitukana tena."

Na diski ileile ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Kila akiiuliza, sehemu mbovu zimeongezeka, na taa bado kijani. Meneja akasema, "Mama, kadi yenyewe hailalamiki, wewe unalalamika nini?"

"Kadi haina mama humo ndani. Mikidadi anaye."

Yuditha hakutoka ofisini kwa meneja mpaka diski mpya ikaagizwa. Haikupita wiki baada ya kuibadilisha, diski nyingine ikafa ghafla, bila dalili yoyote. Seva yetu inavumilia kufiwa na moja, si mbili. Ile mbovu ingekuwa bado mle, tungewazika wazee wetu mara ya pili. Mikidadi alikuja jikoni akalia, nikampa mtori. Halafu Yuditha akadai nakala ikae mbali na jengo hili, na leo ipo.

Aliyeshika nafasi yake ni Filemon. Ana heshima, shikamoo yake haikosi, lakini juzi nimemkuta anaitazama taa na kutabasamu. Namwangalia tu.

Yuditha mwanangu, ahsante. Umetutunzia watu wetu. Mungu akupe uzee mtulivu na usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Ila nyinyi mliobaki, sikilizeni. Huyu anakaa peke yake, na goti linamsumbua tangu Pasaka. Ukimpigia simu anajibu, "Mzima kabisa." Mimi simwamini. Mkipanda Kilema msimsalimie mkiwa barabarani. Fungueni geti, ingieni mpaka ndani, mwambieni asimame awapikie chai, na mmwangalie anavyotembea.