Miaka Thelathini na Miwili ya Kujibu Barua: Mama Blandine Kiluba Anastaafu

Tarehe 30 Septemba 1996 Mama Blandine Kiluba anaacha kazi katika ofisi ya Kanisa la Ushirika wa Lufira, hapa Likasi, baada ya miaka thelathini na miwili. Aliajiriwa Septemba 1964, mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, awe mpiga chapa kwa miezi mitatu tu. Katika faili lake hakuna karatasi yoyote inayoongeza muda huo. Alisahauliwa kazini, na yeye hakumkumbusha mtu.

Alizaliwa Kambove mwaka 1938, akajifunza kupiga chapa katika shule ya wasichana ya misioni. Amefanya kazi chini ya Wachungaji Wasimamizi wanne. Wa kwanza alipenda kumsomea barua huku akitembea chumbani na kutazama dirishani. Barua ilipogeuka kuwa mahubiri, Mama Blandine aliacha kupiga, akangoja. Mchungaji hakuwahi kugundua kwamba mashine imenyamaza, na barua zake zikasifiwa hadi Kinshasa kwa ufupi wake.

Miaka hii ya shida ilimkuta akiwa tayari. Utepe wa mashine ulipokosekana madukani, aliutia wino upya kwa masizi na mafuta ya mawese. Karatasi zilipokwisha, alikata tabaka za ndani za mifuko ya saruji kutoka kiwanda cha Kakontwe, hapa jirani, na kuandika juu yake. Ofisi moja ya serikali ilitujibu ikiuliza kwa nini barua yetu inamwaga vumbi mezani. Mama Blandine aliihifadhi hiyo barua, kwa sababu nyuma yake palikuwa patupu, panafaa kuandikwa.

Lakini wasifu huu hautakuwa wa kweli usipoeleza habari ya Mama Mbombo. Mimi ninayeuandika nilikuwa Katibu wa Sinodi wakati huo, kama nilivyo sasa, na sehemu yangu katika habari hiyo si ya kujivunia.

Ofisi yetu ilikuwa na majibu manne yaliyotungwa tayari. La kwanza lilikuwa la wanaoomba cheti cha ubatizo, la pili la ndoa, la tatu la wanaohamia kanisa lingine. Jibu namba nne lilikuwa la watu wanaouliza mambo ya zamani ambayo Kanisa halikutaka kuyagusa. Lilisema hivi: "Kanisa limepokea swali lako kwa heshima. Kumbukumbu za miaka hiyo hazikukamilika. Tunakuombea amani." Mama Blandine alilijua kwa moyo. Aliweza kulipiga huku akizungumza na mtu mwingine.

Mama Mbombo alipelekewa jibu namba nne mara tatu, mwaka 1971, 1979 na 1988. La mwisho nililitia sahihi mimi.

Swali lake halikubadilika. Baba yake, Ambroise Tshiamala, alitoka mkoa wa Kasai kuja kutafuta kazi, akaajiriwa na misioni yetu katika machimbo yake madogo ya mawe, upande wa Kakontwe, wakati wa kujenga kanisa kubwa. Juni 1941 hakurudi nyumbani. Misioni ilitangaza kwamba yeye na wenzake wanne wametoroka kazi, na kijitabu cha historia yetu kikarudia maneno hayo. Kwa kuwa mume alihesabiwa mtoro, mkewe alizuiwa kukaribia Meza ya Bwana. Hakuruhusiwa kuitwa mjane wala kukaa matanga. Kila Jumapili ya ushirika alitoka nje na watoto wake, akangoja chini ya ukuta hadi wengine wamalize. Alifanya hivyo miaka ishirini na moja, kisha akafa. Mbombo alikuwa na miaka miwili baba yake alipopotea, na huo ukuta ndio alioukumbuka zaidi katika utoto wake.

Machi 1993 Mama Mbombo alikuwa kwenye kituo cha treni cha Likasi. Tangu Agosti ya mwaka uliotangulia watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa majumbani mwao mjini hapa. Maelfu walilala kituoni na kwenye shule za jirani, wakisubiri treni za kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Baadhi ya waliofukuza walikuwa waumini wetu, na baadhi ya waliofukuzwa pia. Akina mama wa kanisa wachache walikubali kupeleka chakula kituoni. Mama Blandine, ambaye ni Msanga, kabila la wenyeji wa huku, alikuwa mmoja wao, ingawa jirani zake wawili waliacha kumsalimia kwa sababu hiyo.

Alipokuwa akigawa mahindi ya kuchemsha, mwanamke mmoja aliyeketi juu ya godoro lililofungwa kamba alimsikia akiitwa jina lake kamili. Akafungua kitambaa, akatoa barua tatu, akaonyesha herufi mbili ndogo zilizo chini kushoto, mahali ambapo mpiga chapa huweka alama yake.

"Ni weye njo B.K.?" akauliza.

Mama Blandine akakubali.

"Barua tatu. Zote zinasema maneno moja." Mama Mbombo hakupaza sauti. "Minye siko nataka pole. Treni ikifika tunaenda, na sitarudia hapa tena. Baba yangu alikimbia, ao alikufa? Ni ile tu."

"Sijue, mama," Mama Blandine akamjibu. "Sikutafutaka. Nilikuwa naandika tu ile bananiambia."

"Basi tafuta."

Maneno hayo nayajua kwa sababu Mama Blandine aliyarudia mbele yetu siku hiyo hiyo, bila kuongeza wala kupunguza. Treni ilitangazwa kwamba ingefika Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nyuma ya chumba cha wachungaji kulikuwa na sanduku la bati lililoandikwa "Ujenzi". Lilikuwa na karatasi za mmisionari aliyesimamia kazi ya kujenga kanisa, na ufunguo wake alikaa nao Mchungaji Msimamizi. Sote tulijua lipo. Mama Blandine alikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji Mathieu, aliyekuwa Msimamizi wakati huo, akaomba ufunguo. Mchungaji Mathieu ni mtu mwema, na alikuwa na hofu.

"Mama Blandine, mji iko moto," alimwambia. "Hata mu kanisa bantu habasalimiane. Tungoje kwanza kidogo."

"Muchungaji, tumengoja miaka makumi tano na mbili."

Alipewa ufunguo. Siku mbili alikaa sakafuni katika chumba kile, kati ya ramani, hesabu za misumari na risiti za saruji, akipiga chafya. Jumatano asubuhi alileta mezani kwangu daftari jeusi, kidole chake kikiwa kati ya kurasa. Mmisionari alikuwa ameandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko mzuri sana, tarehe 17 Juni 1941. Mwamba umeanguka saa nne asubuhi. Watu watano wako chini yake. Hatuna uwezo wa kuwatoa. Tutasema wametoroka, ili kazi isisimamishwe. Chini yake yalifuata majina matano. Jina la pili lilikuwa la Ambroise Tshiamala.

Nilisoma mara mbili. Nakiri kwamba wazo langu la kwanza halikuwa kwa marehemu. Nilijiuliza ni nani mwingine ameliona daftari hilo.

Halmashauri ndogo ilikutana mchana huo huo. Tulikuwa watatu, yaani Mchungaji Mathieu, Mama Madeleine aliyeongoza akina mama wa Kanisa, na mimi. Mama Blandine alikaa kando mbele ya mashine yake, kwa kuwa hakuwa na kura. Kazi yake ilikuwa kupiga kile tutakachokubaliana. Tulizungumza saa nzima. Mchungaji Mathieu aliogopa kwamba familia nyingine nne zitakuja. Mimi niliogopa sifa ya Kanisa. Mwishoni nilitunga sentensi, na wakati ule niliiona nzuri: "Huenda baadhi ya wafanyakazi wa miaka hiyo walipatwa na ajali."

Mashine haikulia. Tulipogeuka, Mama Blandine alikuwa ameweka mikono yake juu ya magoti.

"Kama munataka 'huenda', mupige benyewe," alisema. "Huyu mama, minye nilimwandikia bongo, maneno haiko ya kweli, mara tatu. Ya ine siandike."

Katika sisi watatu hakuna aliyejua kupiga chapa. Mchungaji Mathieu, kwa kutaka kulinda heshima ya halmashauri, alikaa mbele ya mashine na kuanza kwa kidole kimoja. Aliharibu karatasi mbili, na zilikuwa karatasi halisi, si za mfuko wa saruji. Kwenye ya tatu alikwama baada ya neno "Huenda". Mama Madeleine alimtazama akihangaika. Tulijua kwamba wanawe wawili walikuwa wamewatoa watu majumbani mwaka uliotangulia, lakini hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake. Aliinuka, akaitoa ile karatasi kwenye mashine, akasema, "Toeni 'huenda'. Bantu balikufa."

Barua iliyotoka ilikuwa na mistari tisa. Ilisema kwamba Ambroise Tshiamala hakutoroka. Alikufa kazini tarehe 17 Juni 1941, katika machimbo ya misioni, pamoja na wanaume wanne, ambao majina yao yalifuata. Kanisa lilijua siku ileile, na liliandika uongo. Mkewe alizuiwa Meza ya Bwana bila kosa, na jina lake limeandikwa upya katika rejista kama mjane na mshiriki. Kanisa linaomba msamaha, na halidai kupewa. Sentensi hiyo ya mwisho ilitungwa na Mama Blandine. Mchungaji Mathieu aliuliza kama ni lazima. Kisha akatia sahihi na muhuri. Na mimi nikatia yangu.

Alhamisi asubuhi Mama Blandine alitembea hadi kituoni. Treni haikuwa imefika, na isingefika kwa siku kumi na moja nyingine. Mama Mbombo aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaisoma tena kwa sauti ili dada zake wasikie. Aliikunja, akaiweka katika kitambaa pamoja na zile tatu. Halafu akafungua kilemba chake, akaketi chini kwenye saruji, akanyoosha miguu mbele yake kama aketivyo mwanamke aliyefiwa. Wanawake waliokuwa karibu waliuliza ni nani amekufa. Walipoambiwa ni baba yake, hawakuuliza ni lini. Walisogea na kukaa naye. Hivyo ndivyo matanga ya Ambroise Tshiamala yalivyokaliwa, kwenye jukwaa la treni, kati ya masufuria na magodoro.

Mama Blandine alikaa pamoja nao hadi saa tisa alasiri. Katika kitabu cha mahudhurio, kwa miaka thelathini na miwili, hiyo ndiyo siku pekee aliyochelewa. Mahali pa kuandika sababu aliandika neno moja, "Kufiwa".

Familia nyingine zilikuja, kama Mchungaji Mathieu alivyoogopa. Zilikuwa mbili. Moja ilishukuru. Nyingine ilirudisha barua yetu ikiwa imepasuliwa katikati, na Mama Blandine aliiweka kwenye faili vilevile ilivyo. Familia mbili za mwisho hatujazipata mpaka leo. Sinodi ya 1994 ilifuta jibu namba nne na kuagiza kwamba kila swali la historia litafutwe katika sanduku na rejista kabla ya kujibiwa. Tangu hapo Mama Blandine amejibu barua thelathini na nane za aina hiyo. Baadhi ya majibu yalikuwa ya furaha, mengi hapana. Kijitabu chetu cha historia kinaandikwa upya, polepole, kwa kuwa wazee hawakubaliani juu ya karibu kila ukurasa.

Mwaka jana ilifika barua kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Mama Mbombo aliandika kwamba yeye amefika, dada zake wamefika, ila mjukuu wake mmoja alifia njiani. Amepata kiwanja, analima. Aliomba picha ya mahali baba yake alipolala. Mama Blandine alikwenda Kakontwe na mpiga picha wa mtaa. Machimbo yale sasa yamejaa maji na matete, na picha haionyeshi kitu kingine. Aliituma hivyo hivyo. Nyuma yake alichora mshale, akaandika, "Ni hapa."

Oktoba ya mwaka huo huo tulisimamisha kibao cha saruji pale ukingoni, chenye majina matano. Tulitazamia watu mia mbili, wakaja kama hamsini, na wazee wawili waliondoka katikati ya ibada. Mama Madeleine alikuwepo, na wanawe wote wawili. Walisimama nyuma hadi mwisho.

Sasa Mama Blandine anarudi Kambove kuishi na mdogo wake. Anasema atapanda maharagwe na karanga, na kwamba hataki kuona bahasha kwa muda wa mwaka mmoja. Mashine anamwachia Chérie, aliyefundishwa naye tangu Januari na ambaye tayari anapiga haraka kuliko yeye. Tulipomwomba maneno ya kuaga katika mkutano wa wafanyakazi, alisema tu kwamba barua kumi na moja bado hazijajibiwa, na akatuomba tusiandike katika programu hii ya kumuaga kwamba amemaliza kazi. Tunatii. Hajaimaliza. Kuanzia kesho ni yetu.

Kwa barua zote ulizotupigia, na kwa ile moja uliyokataa kutupigia, tunakushukuru, Mama. Mungu akupe afya, majirani wanaosalimiana, na mvua zinazokuja kwa wakati wake.

Eugène Ngoie, Katibu wa Sinodi,
kwa niaba ya wafanyakazi wote