Fufu Haitafunwi

Basi dogo lilipotoka Kumasi, Ofosu alikuwa ameuma pamba palipong'olewa gego lake asubuhi ile, na huko Mampong mama mkwe alikuwa akimtwangia fufu, bonge laini la muhogo na ndizi la kuliwa kwa mchuzi.

“Daktari kasema uji uliopoa tu,” alimwambia kwa shida bibi aliyekaa naye. “Nikiikataa fufu ya mkwe, nimekwisha.”

“Kwani wewe hutafuna fufu, mjukuu wangu? Nani kakulea? Fufu humezwa! Tazama.”

Bibi akaachama. Ofosu akachungulia, akasahau maumivu. Ufizi mtupu unang'aa, hata jino moja hakuna, na jimama zima lile limejengwa kwa fufu!

“Na pilipili ya mchuzi, bibi?” akauliza kwa unyenyekevu.

Basi likasimama Mampong. Ng'ambo ya barabara, uani kwa mama mkwe, mchi ulikuwa ukitwanga. Ofosu akatema pamba, akashuka.