Anop Kanwar na Lango la Kiwiko

Marehemu Anop Kanwar alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Nagaur, Rajasthan, akiwa binti pekee wa mwanajeshi mstaafu. Alisoma Ajmer, kisha chuoni Jodhpur, alikohitimu shahada ya historia mwaka 1969.

Tarehe 11 Februari 1971 aliolewa na Thakur Bheru Singh na kuletwa hapa ngome ya Kanthalgarh. Machela ya bibi harusi ilikwama kwenye lango la tatu, Lango la Kiwiko. Mababu walilijenga kwa kupinda njia ghafla chini ya ukuta, ili tembo wa adui asipate nafasi ya kukimbia na kuuvunja mlango wenye miiba ya chuma. Wachukuzi walipokuwa wakibishana, bibi harusi alifunua pazia kinyume cha desturi, akautazama ukuta, akasema, "Aliyejenga hapa alikuwa na akili." Mama mkwe wake aliisimulia habari hiyo hadi kufa kwake, mara kwa hasira, mara kwa majivuno.

Alifundisha shule ya wasichana mjini, chini ya kilima, kuanzia 1972 hadi 2006. Kila mwaka alileta darasa langoni na kumchagua msichana mwenye mbio awe tembo.

"Haya tembo, uvunje mlango!"

"Mwalimu, nikifika kwenye kona mbio zinaisha!"

"Basi umeshaelewa somo. Kaa chini unywe maji."

Mwaka 2003 shemeji yake, Kesri Singh, aliamua kuifanya ngome hoteli. Mabasi hayakuweza kupita, akaleta mafundi wabomoe kona. Walimkuta marehemu ameweka kitanda chake cha kamba chini ya tao, akiwaandalia mikate ya uwele na chatne ya vitunguu saumu.

"Shemeji, tembo walikwisha zamani. Sasa wanakuja watalii."

"Wavuke bahari, halafu washindwe na kona? Watembee. Kula, mkate unapoa."

Mafundi walikula, wakaondoka. Hoteli ilifunguliwa bila mabasi, na baada ya miaka miwili Kesri Singh ndiye aliyekuwa akiwasimulia wageni habari za tembo, tena kwa kuongeza chumvi.

Mumewe alifariki mwaka 2011. Yeye alianza kuugua moyo mwaka 2019. Usiku wa tarehe 14 Novemba 2023 alizidiwa, na gari la wagonjwa likakwama nje ya lango. Kesri Singh, Jaswant ambaye ni mwana wa marehemu, na wapishi wawili walimbeba kwa kitanda kilekile. Hospitalini Udaipur daktari alisema ucheleweshaji ule haukubadilisha kitu. Kesri Singh hakuamini. Aliketi kando ya kitanda akilia.

"Shemeji, lango lile nitalivunja kwa mikono yangu."

"Sikiliza. Nikifa, nipitishe hapo. Ukishindwa kunigeuza pale kwenye kona, livunje."

Alifariki alfajiri ya tarehe 19, akarudishwa nyumbani.

Wanaume wa ukoo huu hawaweki jeneza chini ndani ya malango, wala haliruhusiwi kugusa ukuta. Alasiri ile Kesri Singh, mwenye miaka sabini na tatu, alikataa kumwachia mtu bega la mbele. Kwenye kona walio mbele walikanyaga palepale, walio nyuma wakazunguka kando kwa kando. "Polepole," alisema, "polepole, asiguse." Hakugusa. Walipotoka upande wa pili alisimama, akageuka kulitazama lango, akatikisa kichwa. "Amenishinda tena huyu," alisema, akaendelea kushuka naye hadi palipoandaliwa kuni za kuuchoma mwili.

Lango lipo. Leo, siku ya kumi na mbili ya matanga, nyote mmelipita kwa miguu.

Marehemu ameacha mwana, Jaswant Singh, na mkewe Hemlata, binti mmoja, Padma, wajukuu watatu, wanafunzi wengi waliowahi kuwa tembo, na shemeji mmoja.

Apumzike bila haraka, kwa amani.