Maji Aliyoyakataa Jairos Nkonde

Waombolezaji wa leo wametoka pande zote mbili za ziwa. Kwa hiyo maisha ya marehemu Jairos Nkonde yameandikwa kwa Kiswahili, lugha aliyofanyia kazi, na yanasomwa na binti yake wa kwanza, Jessy, aliyehitimu kozi ya uuguzi mwezi Agosti mwaka huu wa 1958.

Marehemu alizaliwa Mununga tarehe 11 Mei 1909, mtoto wa pili wa Bwembya Nkonde. Alisoma shule ya misheni Mbereshi kuanzia 1919 hadi darasa la nne. Baba yake alipofariki aliacha masomo akaenda kuvua. Hata hivyo hakuacha kusahihisha tahajia kwenye barua za watu wengine, wapende wasipende.

Mwaka 1934 alimwoa Eness Mwaba wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, akamleta Nchelenge kwa mtumbwi pamoja na kuku sita na cherehani. Mama anasema njia nzima bwana harusi aliishika cherehani, na bibi harusi akajishikilia mwenyewe.

Kuanzia 1949 hadi 1953 alifanya kazi Elisabethville kwa daktari mmoja mtafiti, akitunza kima kumi na wanne. Daktari alitaka kujua jinsi mwili unavyopima wingi wa damu yake. Kwa mbwa alikuwa ameanza kuelewa. Alitaka kuona kama mambo ni yale yale kwa kima, ambaye yuko karibu zaidi na mtu. Marehemu alimkalisha kima ndani ya pipa la maji hadi shingoni, akaona ajabu: kima hakunywa hata tone, lakini alikojoa bila kukoma. Daktari alimweleza kwamba maji hubana miguu na tumbo, damu ikapanda kifuani, moyo ukatanuka. Nyuzi za fahamu zilizo moyoni hupeleka habari kwenye ubongo kwamba damu ni nyingi mno, na figo zikaanza kumwaga maji yake kwa njia ya mkojo. Kumbe damu haikuongezeka. Ilihama tu.

Kisa hiki alikisimulia kila Krismasi, akimwiga kima hadi watoto wakalia kwa kucheka. Kwa hiyo haiwezekani kusema hakujua kwamba anayekaa majini hupoteza maji ya mwili.

Aliporudi alivua kwa wavu wa kukokota pamoja na mdogo wake Fanwell. Wote mnajua desturi ya wavu huo: watu husimama majini hadi shingoni tangu asubuhi, na anayeacha kamba ili anywe huitwa mvivu mpaka samaki wafike nchi kavu. Mwezi uliopita Jessy alimsihi awe anakunywa kabla ya kuingia na baada ya kutoka.

"Mutoto wangu," alijibu, "siku muzima niko mu maji. Kiu itatoka wapi?"

"Baba, ni wewe uliyetusimulia habari za kima!"

"Kima ni kima, Jessy. Miye niko mutu."

Fanwell aliongeza: "Muache kaka. Akikunywa zaidi, ziwa itakauka!" Wote wakacheka, na kesi ikaisha.

Jumanne, tarehe 30 Septemba, alianza kuharisha. Jumatano aliingia ziwani vile vile. Alhamisi Jessy alimkuta nyumbani ameketi, anatania wageni. Mikono yake ilikuwa baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, na tangu alfajiri hakuwa amekojoa. Damu ilikuwa imepungua. Nyuzi zile zile za fahamu zilikuwa zimetoa habari, mwili ukabana mishipa ya mikono na miguu ili ubongo upate chake. Ndiyo maana aliweza kutania, na kila mtu alisema yuko salama. Jessy alichanganya maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo na sukari. Shangazi Olipa, dada wa marehemu, aliyamwaga nje.

"Tumbo inatoa maji, weye unaongeza ingine? Mutoto wa masomo, unataka kumuua?"

Jessy alikimbia kutafuta lori la kumpeleka hospitali. Aliporudi, marehemu alikuwa amesimama ili awaage wageni kwa heshima, akaanguka. Alifariki Ijumaa, tarehe 3 Oktoba, saa moja asubuhi.

Shangazi Olipa alimpenda kaka yake kuliko sisi wote, na aliyamwaga yale maji kwa upendo. Hilo ndilo linalochosha roho.

Ameacha mjane, Eness; watoto, Jessy, Patson na Kingsley; dada, Olipa; na mdogo wake Fanwell, ambaye hayuko hapa kaburini. Amelala nyumbani tangu jana kwa tumbo lile lile. Asubuhi hii alimwambia Jessy hajambo. Mikono yake ni baridi.

Jagi liko jikoni, limefunikwa kwa sahani, maji yake yameshachanganywa. Shangazi, tafadhali usisubiri tumalize kufukia. Wewe ndiye hatakukatalia.

Mungu ampe Jairos Nkonde pumziko lake, na Fanwell apewe kikombe sasa hivi.